Uchafu Utakaa Wapi? Kisa cha nyumba moja na mashine mbili za kahawa

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya Dar es Salaam iliyoniita kutengeneza mashine ya kahawa iliyogoma. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme vya jikoni, na miaka hii ya karibuni mashine za kahawa zimekuwa sehemu kubwa ya kazi yangu. Wenye nyumba wameridhia nikiandike. Nimeondoa majina, mtaa, kazi zao, jina la mashine ya kwanza na duka ilikotoka.

Nakiandika kwa ajili ya swali ninaloulizwa karibu kila wiki: "Fundi, mashine gani ni rahisi kusafisha?" Watu hutaka nitaje jina. Siku hizi nami huwajibu kwa swali, na swali hilo nililipata katika nyumba hii.

## Usuli

Wanaishi watu sita. Baba na mama mwenye nyumba ni waajiriwa, hutoka alfajiri. Kuna watoto wawili wa shule. Kuna mzee, baba mzazi wa mama, mtu wa pwani wa miaka sabini na kitu. Na kuna dada wa kazi, aliyekuwa ameingia mwaka wa nne pale, ambaye jiko lote liko mikononi mwake.

Wanywaji wa kahawa ni wanne, dada akiwamo. Asubuhi hutoka vikombe vinne kabla ya saa 1, jioni viwili au vitatu, na Jumapili wakija wageni hufika kumi. Baba hupenda kahawa nzito yenye povu la rangi ya dhahabu juu. Mama hupenda ya maziwa. Mzee ni wa kahawa chungu yenye tangawizi, na miaka yote amejipikia mwenyewe kwenye dele lake dogo la shaba.

Maji ya nyumba ile nayo yana habari yake. Kuna bomba la mtaani na kuna kisima, na yote mawili huingia kwenye tenki moja. Bomba likikauka siku kadhaa, tenki lote huwa la kisima. Visima vingi vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi, na mengi ni maji magumu pia, yaani yamebeba kalsiamu na magnesiamu. Dalili ilikuwa wazi jikoni: birika la umeme lilikuwa na gamba jeupe chini, gumu kama ganda la yai. Maji ya kunywa waliyachemsha kila usiku kwenye sufuria kubwa, wakayaacha yatulie hadi asubuhi, wakayachuja kwa kitambaa. Msomaji aikumbuke sufuria hiyo, tutairudia.

## Mashine ya kwanza

Baba aliinunua iwe zawadi ya kutimiza miaka kumi ya ndoa. Ilikuwa ya kujiendesha: buni unamimina juu, maji nyuma, maziwa kwenye chupa ya pembeni, kisha unabonyeza kitufe. Muuzaji alisisitiza kwamba inajisafisha yenyewe, na baba alilifikisha neno hilo nyumbani kama ahadi. Dada hakuulizwa chochote. Alionyeshwa kitufe.

Miezi miwili ya kwanza nyumba ilifurahi. Yaliyofuata nimeyapanga kwa kumbukumbu zao na kwa hesabu ya vikombe iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya mashine.

Mwezi wa tatu mama alianza kusema kahawa ya maziwa ina harufu ya mtindi. Kwa kuwa mashine ilijisuuza kila ilipozimwa, hakuna aliyeshuku ndani, walibadilisha maziwa. Mwezi wa nne baba akasema uchungu wa kahawa umekuwa wa kuungua, wakabadilisha buni. Mwezi huohuo mzee alimwomba mjukuu wake amtengenezee ya tangawizi, na mtoto akatia unga wa tangawizi kwenye kitundu cha kahawa iliyokwisha kusagwa. Kahawa ilitoka, mzee akafurahi, wakairudia mara kadhaa.

Mwezi wa tano taa ya kudai dawa ya chokaa ikawaka. Walinunua dawa, wakaipitisha, taa ikazima. Ladha ilibaki vilevile, kwa hiyo wiki iliyofuata wakapitisha tena. Mwezi wa sita kahawa ilianza kutoka kwa matone. Mwezi wa saba pampu iliunguruma bila kutoa kitu, maji yakatuama chini ya mashine, ndipo nikaitwa.

Katika kipindi hicho yalishaanza maneno ndani ya nyumba. Mama alihisi dada haoshi vizuri. Dada alijua anaosha kila siku, na hakuwa na namna ya kujitetea.

## Tulichokikuta ndani

Niliifungua karakana, na nikawaomba mama na dada waje waone kwa macho yao. Hili nalisisitiza. Mteja akirudishiwa mashine inayong'aa pamoja na bili hajajifunza kitu, na baada ya miezi saba tutaonana tena.

Mashine ya kahawa hupata uchafu wa namna tatu, na kila namna ina dawa yake.

Wa kwanza ni mafuta. Buni ya arabika ina mafuta yapatayo asilimia 15 ya uzito wake, robusta kama 10. Sehemu ya mafuta hayo hubaki kwenye kila kitu kahawa inachokigusa, na kwa joto la pale ndani huchacha. Kila mashine ya kujiendesha ina sehemu ambayo sisi mafundi huiita grupu: ndiyo inayopokea kahawa iliyosagwa, kuikandamiza, kuipitishia maji ya moto, kisha kulitupa donge la machicha kwenye pipa. Grupu ya mashine ile ilikuwa imefungwa ndani kwa skrubu, mtumiaji haioni wala haigusi. Juu ya kichujio chake chenye matundu madogo kulikuwa na utando mweusi unaonata kama gundi, na ndani ya utando huo tangawizi iliyovimba. Kwa hiyo maji yalikuwa yakisukumwa dhidi ya ukuta.

Hapa ndipo penye kosa ninalolikuta nyumba nyingi. Mafuta ya kahawa huondolewa kwa dawa ya alkali. Chokaa huondolewa kwa asidi. Hizi ni dawa mbili tofauti, huuzwa katika pakiti mbili tofauti, na moja haifanyi kazi ya nyingine. Wenyeji wangu walikuwa wamepitisha asidi mara mbili juu ya mafuta, kisha wakashangaa ladha haibadiliki. Mashine yao ilikuwa na programu ya vidonge vya kuondoa mafuta, ila vidonge havikuwahi kununuliwa, kwa sababu neno "kusafisha" walilielewa kuwa ni moja.

Uchafu wa pili ni chokaa. Maji magumu yakipashwa moto, bikaboneti iliyoyeyuka ndani yake hugeuka kaboneti isiyoyeyuka, nayo huganda palepale penye joto: kwenye mrija mwembamba wa kuchemshia. Wengi hudhani mashine inaiona chokaa ndiyo maana huwasha taa. Haioni. Huhesabu maji yaliyopita na kuyapima kwa kiwango cha ugumu wa maji kilichowekwa siku ya kwanza. Tulipofungua mpangilio tulikuta kiwango kimewekwa kwenye maji laini kabisa. Nani alikiweka, hakuna aliyekumbuka. Taa iliyotakiwa kuwaka mapema ilisubiri hadi mwezi wa tano. Juu ya hayo kulikuwa na vidoadoa vya kutu kwenye vyuma vidogo, alama ya chumvi ya kisima. Chumvi hiyo haiondolewi na dawa ya chokaa, wala na kile kichujio kidogo cha kutia ndani ya tangi, ambacho kazi yake ni kupunguza ugumu wa maji.

Wa tatu ni maziwa, na ndio ulionisikitisha zaidi. Njia ya maziwa ilikuwa na vipande 9, vitatu kati yake mirija myembamba, pamoja na vali ya ndani. Dada aliosha kila siku kile kilichotoka: chupa na kifuniko. Kwenye kona ya mrija wa ndani palikuwa na kizibo cha manjano. Maji ya moto ya kujisuuza yakikuta maziwa yaliyokwisha kukauka hayayaondoi, huyakaza.

Ukungu wa kijani chini ya trei ya matone ulikuwa wa kutarajiwa. Kwa unyevu wa hewa ya pwani, machicha mabichi yakikaa siku tatu kwenye pipa lililofungwa, tayari yameota.

Dada aliangalia vyote kimya, kisha akasema: "Fundi, mimi nilikuwa naiosha kila siku. Lakini kitu nisichokiona nitakioshaje?"

Mama alimgeukia. "Nisamehe, mdogo wangu. Nilikuwa nakulaumu bure."

## Kutengeneza au kuachana nayo

Mashine ilitengenezeka. Ilihitaji sili mpya, grupu kufunguliwa na kulowekwa, mirija ya maziwa kubadilishwa na mrija wa kuchemshia kupitishiwa asidi kwa hatua. Ningeweza kuifanya kazi hiyo na kulipwa. Niliwaambia wazi kwamba itarudi kwenye nyumba ileile, maji yaleyale na ratiba ileile, na uchafu utarudi kukaa palepale ambapo mkono haufiki.

Baba hakukubali. Alisema kosa ni la matunzo, mashine haina ubaya, na kwa matunzo kidogo itadumu. Sikubishana naye. Niliomba jambo moja: siku ya Jumamosi aisafishe yeye, peke yake, kwa kufuata kitabu chake, zile sehemu tu zinazofikika bila kufungua skrubu. Tangi lilitokea nyuma, kwa hiyo ilimbidi aivute mashine yote kutoka chini ya kabati, akimwaga maji njiani. Mirija ilidai brashi nyembamba ambayo haikuwapo. Alitumia dakika 47. Kesho yake asubuhi alinipigia simu, akasema twende dukani.

## Tulivyochagua

Tulikaa mezani kwao, wote wanne wanaokunywa kahawa, na kila aina ya mashine tuliiuliza swali moja: mafuta, chokaa na maziwa vitakaa wapi, na je, mkono wa dada unafika hapo? Hakuna mashine isiyochafuka. Unachoweza kuchagua ni mahali uchafu utakapokaa.

Mashine ya kuchuja kwa karatasi ndiyo aliyoitaka dada, na kwa usafi peke yake ndiyo ningewapa hata mimi. Asili yake inaeleza kwa nini. Mwaka 1908 huko Dresden, Ujerumani, mama mmoja wa nyumbani, Melitta Bentz, alichoshwa na machicha kwenye kikombe. Alichukua karatasi ya kukaushia wino kutoka daftari la mwanawe, akaiweka kwenye kopo alilolitoboa, akachuja. Tangu hapo machicha na sehemu kubwa ya mafuta hubebwa na karatasi moja kwa moja hadi kwenye ndoo ya taka. Kinachobaki ni kuosha jagi na kikapu. Chokaa bado hukaa kwenye mrija wa kupashia, ila mrija huo ni mmoja na asidi huufikia kwa urahisi. Baba aliikataa kwa sababu haitoi povu. Ni sababu halali. Kifaa rahisi kusafisha ambacho mwenye nyumba hakipendi kitaishia juu ya kabati, na mashine nyingine italetwa.

Birika la Kiitaliano la kuwekwa jikoni, lile la Bialetti la mwaka 1933, mama alilitaja. Lina vipande vitatu na mpira mmoja, vyote unavishika. Kwa kuwa ni la alumini, halitaki sabuni kali wala mashine ya kuoshea vyombo, ambayo huligeuza jeusi. Dada alilikataa kwa hoja isiyo na jibu: saa 12 asubuhi mafiga yake yote yana kazi.

Mashine za vidonge vya kahawa, yaani vikopo vidogo vilivyofungwa vyenye kahawa iliyosagwa, tuliziacha upesi. Machicha hutoka na kidonge chake, usafi wake hauna mpinzani, ila vidonge hutoka nje na hukosekana. Mzee aliuliza kwa nini nyumba ya nchi yenye kahawa ya Kilimanjaro, Mbinga na Mbozi ingoje kahawa ya meli. Hakuna aliyemjibu.

Mashine ya mkono, ya kukandamiza kahawa mwenyewe na kuchemsha maziwa kwa bomba la mvuke, ina sifa kubwa: karibu uchafu wote uko nje, unauona. Lakini hudai kinu cha kusagia cha pembeni, kufuta bomba la mvuke kila baada ya maziwa, na kama ina vali ya kuachia presha, kuisukumia maji kinyume kwa kikapu kisicho na matundu. Watu wanne wenye haraka asubuhi wangemwachia dada unga wa kahawa kila kona. Hiyo niliikataa mimi.

Ikabaki ya kujiendesha, lakini yenye grupu inayochomoka. De'Longhi na Philips wamezitengeneza hivyo kwa miaka mingi: unafungua mlango wa pembeni, unabonyeza, unaivuta grupu, unaisuuza bombani kwa maji matupu bila sabuni, unaiacha ikauke, unairudisha. Ile sehemu iliyokuwa imejificha inakuwa mkononi mwako kama kikombe.

Suala la maziwa lilibaki. Kuna mifumo iliyopunguzwa, kama ule wa Philips uitwao LatteGo, wenye vipande viwili bila mirija, na kwa nyumba inayokunywa maziwa kila kikombe ningeupendekeza. Dada aliuliza: "Kwani maziwa lazima yapite kwenye mashine?" Mnywaji wa maziwa ni mmoja, na wageni wa Jumapili. Tukaamua mashine isiyo na njia ya maziwa kabisa. Maziwa yanapashwa kwenye sufuria ndogo na kupigwa povu ndani ya jagi la kioo lenye kichujio cha kusukuma, ambalo baadaye huoshwa na vyombo vingine.

Dukani nilimwomba muuzaji amwache dada azifungue mashine za maonyesho mwenyewe, bila kusaidiwa, na kuzirudishia. Muuzaji alisita, mama akamwambia hatununui bila hilo. Mashine ya kwanza mlango wake ulifunguka upande ambao kwao kuna friji. Ya pili trei ilitoka lakini pipa la machicha lilikuwa na pembe kali ndani ambazo kidole hakiingii. Ya tatu, tangi na trei vyote vilitoka kwa mbele, na grupu aliitoa na kuirudisha kwa sekunde 40 hivi. Tukanunua hiyo. Jikoni haikuwekwa chini ya kabati kama ile ya kwanza, iliwekwa mahali ambapo upande wa mlango una nafasi ya mkono mzima kuingia.

## Maji ya sufuria

Nilikuja na vikaratasi vya kupimia ugumu wa maji. Maji ya tenki yalifika mwisho wa kipimo. Nikapima na yale yaliyochemshwa usiku na kutulia: yalishuka ngazi mbili. Maelezo yake ni yaleyale ya chokaa. Moto uliyagandisha magamba kwenye sufuria kabla maji hayajafika kwenye mashine. Familia ile ilikuwa na mtambo wa kupunguza chokaa kwa miaka yote, wakautumia kwa maji ya kunywa, huku mashine ya bei kubwa wakiinywesha maji ya tenki.

Tangu siku ile mashine hujazwa maji ya sufuria, na kiwango cha ugumu kimewekwa kwa kufuata kikaratasi. Chokaa sasa hukaa kwenye sufuria, ambayo dada huiweka ndimu ya unga na maji kidogo, akaichemsha, ikang'aa. Kuna mpaka mmoja: kuchemsha hakuondoi chumvi. Siku ambazo tenki ni la kisima kitupu na maji yanaonja chumvi ulimini, mashine hupewa maji ya kunywa ya dumu.

## Matokeo

Nimeifuatilia nyumba hii kwa miezi 15. Kila jioni dada humwaga trei na pipa, huvisuuza na kuviacha wazi; dakika 3. Kila Jumamosi huchomoa grupu na kuisuuza, hufuta kwa brashi kavu vumbi la kahawa lililobaki kwenye chumba chake. Dakika 6 au 7. Kidonge cha mafuta hupitishwa kila mwezi. Taa ya chokaa imewaka mara mbili tu, na mara zote dawa ilipitishwa siku hiyohiyo. Machicha hayatupwi tena kwenye sinki, ambalo zamani liliziba. Yanakwenda kwenye maua.

Nilipofungua kifuniko cha nyuma mwezi wa sita kwa kujiridhisha, kichujio cha grupu kilikuwa cheupe. Mzee amerudi kwenye dele lake, na tangawizi yake imebaki huko.

## Nilikokosea

Mambo mawili yaliharibika, na yote mawili nayabeba mimi.

La kwanza ni grisi. Grupu inayochomoka ina reli na mpira vinavyotakiwa kupakwa grisi ya silikoni inayofaa kwa vyakula kila baada ya miezi miwili hivi, hasa kwa kuwa kuiosha kwenyewe huiondoa grisi. Nilimfundisha dada kuosha kwa bidii, nikasahau kumfundisha kupaka. Mwezi wa tano grupu ilianza kulia, kisha ikakwama nusu njia, na dada alipojaribu kuitoa ikagoma. Kwa bahati hakutumia nguvu. Grupu hutoka tu ikiwa imerudi mahali pake pa kupumzikia. Ukiivuta ikiwa katikati ya kazi unavunja plastiki. Niliizima na kuiwasha, ikarudi, nikapaka grisi, ikapona.

La pili ni likizo. Desemba familia ilisafiri wiki mbili, dada naye akaenda kwao. Nilikuwa nimepanga kila kitu kwa siku ambazo yupo, sikupanga hata kimoja kwa siku ambazo hayupo. Waliporudi, pipa lilikuwa na ukungu mweupe kama pamba, maji ya tangi yamekuwa na utelezi, na grupu imeota madoa. Ilichukua nusu siku kuisafisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimepima urahisi kwa kuangalia mikono ya mtu mmoja. Mtu huyo ana haki ya kwenda kwao.

## Kwa nini mpango mwingine ulifaa

Nikiyatenganisha mambo yaliyosaidia, mashine yenyewe naiweka nafasi ya tatu. Ya kwanza ni kwamba anayeosha aliketi mezani wakati wa kuchagua. Katika nyumba nyingi ninazoingia, anayelipa ndiye anayechagua na anayeosha ni mwingine, na wawili hao hawajawahi kuzungumza kuhusu trei ya matone. Swali la dada kuhusu maziwa liliondoa vipande 9 kwa pigo moja. Mimi fundi sikuwa nimelifikiria, nilikuwa nalinganisha mfumo upi wa maziwa una vipande vichache.

La pili ni maji. Ningewapa mashine yoyote na kuwaacha na maji ya tenki, ningerudi pale. Na njia iliyofaa ilikuwa tayari ndani ya nyumba, haikununuliwa.

Dakika 47 za baba nazo zilifanya kazi ambayo maelezo yangu yasingeifanya. Ila nisingependa mtu alichukue hilo kuwa mbinu ya kumwaibisha mwenye nyumba. Yule baba ni mtu muungwana, na aliponipigia alianza kwa kusema kuwa miezi saba yote hakujua kazi ile ikoje.

Kuhusu neno la muuzaji, mashine zinazojisuuza zipo na kusuuza huko kunasaidia. Lakini kusuuza ni kupitisha maji mahali maji yalikopita. Machicha yaliyorukia pembeni, mafuta yaliyoganda kwenye kuta, unyevu chini ya trei: maji hayo hayavigusi.

Baada ya Desemba tuliandika utaratibu wa safari. Niliuandika mimi kwanza, kwa lugha ya kitabu. Dada aliuchana, akaandika wake kwenye karatasi ya daftari na kuubandika ndani ya mlango wa kabati: mwaga maji yote, toa pipa, toa trei, toa moyo wake (ndivyo anavyoiita grupu), osha, usifunge kitu. Mtoto mkubwa alipewa aisome na kuifanya mara moja huku dada amekaa kwenye kiti.

Likizo ya Juni dada aliondoka wiki nzima kabla yao. Nilipita mwezi wa saba, mzee peke yake ndiye aliyekuwa amerudi. Nilimwamkia, akanikaribisha jikoni. Mashine ilikuwa tupu, mlango wake wazi, tangi limefudikizwa. Grupu ilikuwa imelazwa dirishani juu ya kitambaa, kando ya dele la mzee, nalo limefudikizwa, kifuniko pembeni, kama alivyolilaza kila jioni tangu nilipoanza kuingia katika nyumba ile.